Uziwi wa Ghafla wa Sikio Moja: Dalili ya Kiharusi Inayofunikwa na Kelele za Machimbo

Katika ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama, Msalala na Mwakitolyo mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu mkoani Geita, mtu asiyesikia vizuri hamshangazi yeyote. Anayezungumza kwa sauti ya juu, anayemwomba mwenzake arudie alichosema, anayefungulia redio hadi jirani akalalamika, huchukuliwa kuwa mtu aliyefanya kazi. Makarasha ya kusagia mawe, kompresa, jenereta za kuvuta maji mashimoni, mashine za kuchoronga miamba na milipuko ya baruti vimefanya usikivu hafifu uonekane kuwa sehemu ya ujira wa mchimbaji.

Mazoea hayo yana hatari yake. Upo uziwi wa namna nyingine, usiotokana na kelele, unaomjia mtu kwa ghafla na kwa kawaida katika sikio moja tu. Mara nyingi hauumi. Mgonjwa huamka asubuhi akahisi sikio limeziba kama lililoingiwa na maji, au huweka simu kwenye sikio alilozoea akadhani mtandao umekatika, kisha akaihamishia upande wa pili na kumsikia mpigaji vizuri kabisa. Mahali ambapo kila mmoja anatarajiwa kuwa na uziwi kidogo, mgonjwa huyu ataambiwa kwamba ni karasha, au ni nta, au ni mafua. Kwa wengi jambo hilo halitakuwa kiharusi. Kwa wachache litakuwa tangazo la kiharusi kilicho njiani, na wachache hao hawawezi kutambuliwa na mhudumu asiyepima.

Wataalamu wa masikio huliita tatizo hili uziwi wa ghafla pale usikivu unaposhuka kwa desibeli 30 au zaidi, katika masafa matatu yanayofuatana kwenye kipimo cha usikivu, ndani ya saa 72. Takribani wagonjwa tisa kati ya kumi hawapatiwi chanzo kinachoeleweka hata baada ya uchunguzi kamili. Makala hii inamhusu zaidi yule mmoja aliyebaki, na hasa yule ambaye chanzo chake kimo katika mishipa ya damu.

Jaruba la mwisho

Kiungo cha kusikia, koklea, kina umbo la konokono na kimejificha ndani ya mfupa mgumu wa fuvu. Hupata damu kupitia mshipa mwembamba uitwao ateri ya labirinti. Kwa watu wengi ateri hiyo ni tawi la ateri ya mbele ya chini ya ubongo mdogo, ambayo nayo huchipuka kutoka ateri ya besila, mshipa mkuu unaopanda mbele ya shina la ubongo. Mshipa huohuo unaolisha sikio la ndani hulisha pia sehemu ya shina la ubongo panapotoka neva ya uso, na sehemu ya ubongo mdogo inayosimamia mwendo na usawa wa mwili.

Ateri ya labirinti haina njia mbadala. Sehemu nyingine za mwili, mshipa mmoja ukiziba, hupokea damu kidogo kutoka kwa mshipa jirani; koklea haina jirani wa kuikopesha. Mkulima wa mpunga wa Shinyanga analijua jambo hili vizuri kuliko daktari: mfereji unapoanza kujaa tope, jaruba la mwisho ndilo linalokauka kwanza, ilhali majaruba ya juu bado yanang'aa maji. Mkulima mwenye busara akiona jaruba lile limekauka hamwagii ndoo ya maji akarudi nyumbani. Hupanda juu kuukagua mfereji.

Hivyo ndivyo uziwi wa ghafla unavyoweza kutangulia kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Mafuta na ukoko vinapoifinya ateri ya besila au tawi lake, sikio la ndani, lililo mwisho wa mfereji na lenye mahitaji makubwa ya oksijeni, huzima kabla ubongo haujaonyesha dalili. Ganda la damu likikua au presha ya mtiririko ikishuka zaidi, sehemu nyingine hufuata.

Ushahidi na mipaka yake

Mwaka 2003 madaktari wa Korea Kusini walichapisha taarifa ya wagonjwa 16 mfululizo waliopata kiharusi katika eneo la ateri ya mbele ya chini ya ubongo mdogo. Watano kati yao, yaani 31%, walikuwa wamepata tatizo la kusikia kati ya siku 1 na siku 10 kabla ya kiharusi chenyewe. Idadi hiyo ni ndogo na haimpi mtu ruhusa ya kukadiria hatari kwa watu wote. Lakini inaonyesha kwamba dirisha la kuchukua hatua lipo, na kwamba linahesabika kwa siku.

Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan waliwafuatilia kwa miaka mitano wagonjwa 1,423 waliolazwa kwa uziwi wa ghafla, wakawalinganisha na watu waliolazwa kwa ajili ya kuondolewa kidole tumbo. Katika kundi la uziwi, 12.7% walipata kiharusi. Katika kundi la pili, 7.8%. Baada ya kuzingatia umri, presha, kisukari na mambo mengine, waliopata uziwi walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa mara 1.64. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu, kwa maana zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja: walio wengi, zaidi ya wanane kati ya kumi, hawakupata kiharusi, na bado kundi lote lilistahili kuangaliwa mishipa yake. Mgonjwa asitishwe. Wala asirudishwe nyumbani na matone ya sikio peke yake.

Kelele huiba polepole

Jambo linalomsaidia mhudumu wa machimboni ni kwamba uziwi wa kelele una tabia yake. Huingia kwa miaka. Hushika masikio yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Huanza na sauti nyembamba, ndiyo maana mgonjwa husema anasikia watu wakizungumza ila hawaelewi, hasa wanawake na watoto. Kipimo cha usikivu huonyesha shimo karibu na masafa ya hezi 4,000. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 miongoni mwa wachimbaji wa Tanzania ulikuta karibu nusu yao wakiwa na uziwi wa aina hiyo. Hapo ndipo mtego ulipo: ugonjwa ulioenea mno huufunika ule ulio adimu, na mchimbaji mwenye masikio yaliyochoka tayari anaweza kupoteza kile kilichosalia katika sikio moja bila yeye mwenyewe kutambua kwamba jambo jipya limetokea.

Swali linalotenganisha mambo haya mawili ni la tarehe. Asiulizwe mgonjwa kama hasikii vizuri. Aulizwe ni lini. Anayejibu kwamba ni tangu zamani, hata hakumbuki, huyo ni wa kelele mpaka ithibitike vinginevyo. Anayetaja siku, achilia mbali saa, anastahili uchunguzi wa haraka siku hiyohiyo.

Baruti ni jambo la pekee, kwa kuwa mlipuko nao huleta uziwi wa papo hapo. Lakini mlipuko una mashahidi, huambatana na maumivu, mara nyingine na damu sikioni, na kiwambo cha sikio huonekana kimetoboka. Dawa nazo zina sehemu yake. Kwinini, sindano za jentamaisini, streptomaisini na amikasini, na furosemaidi kwa dozi kubwa huweza kudhuru usikivu, kwa kawaida masikio yote mawili. Mchimbaji aliyetibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano aulizwe juu ya hilo. Na kwa kuwa vumbi la mawe huwaweka wachimbaji katika hatari kubwa ya kifua kikuu, swali hilo halipaswi kurukwa. Zebaki, inayochomwa ili kupata dhahabu katika mialo mingi, hudhuru mfumo wa fahamu, lakini hufanya hivyo kwa kujilimbikiza: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua, mwendo huyumba. Haimzibi mtu sikio moja usiku mmoja.

Kupima bila mashine

Zahanati nyingi za ukanda huu hazina mashine ya kupima usikivu. Hilo lisiwe sababu ya kutopima. Hatua ya kwanza ni kutazama ndani ya sikio kwa kifaa chenye mwanga. Nta iliyojaa itaonekana, usaha utaonekana, kiwambo kilichotoboka kitaonekana. Sikio likiwa safi na kiwambo kikiwa kizima, ilhali mgonjwa anasema hasikii, tatizo liko ndani zaidi na matone hayatalifikia.

Hatua ya pili ni uma wa kupimia sauti wa hezi 512. Uma ukigongwa na kitako chake kuwekwa katikati ya paji la uso, mgonjwa ataje ni upande gani anasikia zaidi. Sikio lililozibwa na nta au usaha husikia zaidi kuliko lile zima. Sikio ambalo koklea au neva yake imeathirika husikia kidogo, na sauti hukimbilia upande mzima. Pasipo uma, mgonjwa afumbe mdomo na kuvumisha sauti puani kama anayeimba wimbo bila maneno, kisha aseme sauti iko upande gani. Sauti ikiwa kwenye sikio bovu, nta au maji vinashukiwa. Ikiwa kwenye sikio zima, mhudumu aache shughuli nyingine na amchunguze mgonjwa huyo kikamilifu.

Uchunguzi huo haumalizikii sikioni. Atazamwe uso anapotabasamu na anapofumba macho kwa nguvu. Aguse pua yake kisha kidole cha mhudumu, mara kadhaa, kwa kila mkono. Atembee hatua kumi, kisha akanyage kisigino mbele ya vidole. Aulizwe kama anaona vitu viwiliviwili, kama anapaliwa na maji, kama upande mmoja wa uso au mwili umekufa ganzi. Presha ipimwe, sukari ipimwe, mapigo ya moyo yasikilizwe kama yanakwenda kwa mpangilio. Kazi yote hiyo huchukua chini ya dakika kumi na tano.

Uziwi unapofuatana na kizunguzungu

Uziwi mpya wa sikio moja ukiambatana na kizunguzungu kikali kisichokoma, mgonjwa achukuliwe kuwa na kiharusi mpaka ithibitike sivyo. Hapa pana kosa moja la kitaalamu linalostahili kuelezwa kwa urefu.

Kwa mgonjwa mwenye kizunguzungu cha mfululizo na macho yanayochezacheza, hutumika kipimo cha kusukuma kichwa. Mgonjwa hutazama pua ya mhudumu, na kichwa chake hugeuzwa kwa haraka lakini kwa pembe ndogo. Macho yakibaki puani, kipimo ni cha kawaida, na kwa mgonjwa wa namna hii ukawaida huo ni habari mbaya: sikio la ndani linafanya kazi, kwa hiyo kasoro iko ubongoni. Macho yakiondoka na kichwa kisha yakaruka kurudi, kasoro iko kwenye sikio la ndani au neva yake, na wengi wamefundishwa kupumua kwa nafuu hapo. Pamoja na hilo hutazamwa kama macho hubadili mwelekeo wa kuchezacheza mgonjwa anapotazama kushoto na kulia, na kama jicho moja limekaa juu kuliko lingine linapofunikwa na kufunuliwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipimo hivi vitatu vya kitandani, vikifanywa na mtaalamu, vilitambua kiharusi cha nyuma ya ubongo vizuri kuliko picha ya MRI ya mapema, ambayo ilikikosa katika 12% ya wagonjwa waliopigwa picha ndani ya saa 48 za mwanzo.

Lakini kiharusi cha ateri ya mbele ya chini ya ubongo mdogo huvunja kanuni hiyo. Kwa kuwa ateri hiyo hulisha sikio la ndani lenyewe, kiharusi huliua sikio pamoja na ubongo, na kipimo cha kusukuma kichwa hutoa jibu la sikio. Mhudumu huona macho yakiruka, akaandika kwamba ni ugonjwa wa sikio, na hajakosea. Ila ameona nusu ya ugonjwa. Ndiyo sababu kipimo cha nne kiliongezwa baadaye: kusugua vidole karibu na kila sikio na kuuliza kama usikivu umepotea upya upande mmoja. Ukiwa umepotea, nafuu ile ifutwe. Masikio yote mawili yakizima kwa ghafla pamoja na kizunguzungu, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda ateri ya besila yenyewe inaziba.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kujifunzia. Mmiliki wa karasha, mwenye umri wa miaka 54, aliwahi kuambiwa ana presha na akaacha vidonge alipojisikia mzima. Siku ya kwanza anaamka sikio la kulia limeziba na lina mvumo. Anakwenda duka la dawa, anapewa matone. Siku ya tatu anashikwa na kizunguzungu na kutapika. Kipimo cha malaria kinaonyesha vimelea, anapewa dawa ya mseto. Siku ya tano asubuhi mdomo umekwenda upande, maji yanamwagika anapokunywa, na akisimama anaangukia kulia.

Hakuna aliyemfanyia uzembe ulio dhahiri, na hapo ndipo mfano unapofaa. Kipimo cha malaria kilikuwa cha kweli; katika mikoa yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kubeba vimelea na huku anaugua jambo jingine. Malaria isiyo kali haizimi sikio moja. Siku ya kwanza, kipimo cha presha na swali moja kuhusu vidonge vilivyoachwa vingetosha kumpeleka hospitali. Siku ya tatu, uziwi na kizunguzungu vikiwa pamoja, gari lilipaswa kuwa limekwisha kuitwa.

Nani aangaliwe zaidi

Umri unaozidi miaka 50, presha, kisukari, sigara, pombe kali na moyo unaodunda bila mpangilio hukaa mwanzoni mwa orodha. Tanzania si nchi yenye kiharusi kidogo. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam ulikuta kiharusi kipya kwa watu 108.6 kati ya kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 huko Dar es Salaam, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Shinyanga na Geita hazikuwamo, lakini mtindo wa maisha wa miji ya madini, fedha za mkupuo, usingizi haba, kazi za joto kali zenye kumkausha mtu maji mwilini, na kliniki za presha zisizohudhuriwa na watu wanaohamahama kufuata dhahabu, hautoi sababu ya kutarajia nafuu.

Kanda ya Ziwa ina jambo lake la pekee, nalo ni selimundu. Utafiti uliopima sampuli za damu zaidi ya 17,000 za watoto wadogo wa kaskazini magharibi mwa Tanzania ulikuta kwamba mmoja kati ya watano amebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, na 1.2% wanao ugonjwa wenyewe. Selimundu huziba mishipa midogo, ya sikio la ndani ikiwemo, na ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kiharusi kwa watoto. Mtoto au kijana mwenye selimundu anayesema sikio limezima asisubiri zamu ya kliniki yake ya mwezi. Apelekwe hospitali siku hiyo. Kwa vijana wasio na selimundu wala presha, kaswende na virusi vya UKIMWI vipimwe, kwa kuwa vyote viwili huweza kuleta uziwi wa ghafla na vyote huweza kuleta kiharusi.

Lipo pia suala la tafsiri. Watafiti waliozungumza na wananchi wa Hai na Dar es Salaam walikuta kwamba wa mjini, kinyume na inavyodhaniwa, ndio waliohusisha zaidi kiharusi na mapepo na uchawi. Sikio linalozima usiku bila maumivu wala jeraha ni rahisi kulisemea hivyo, Usukumani kama pwani. Mhudumu hapati kitu kwa kubishana na mgonjwa juu ya hilo. Atapata zaidi akikubaliana na familia kwamba picha ya ubongo ipigwe kwanza, na mengine wayafuate baadaye wakitaka.

Rufaa, na yasiyopaswa kutendwa njiani

Zahanati na kituo cha afya havina matibabu ya kiharusi. Vina uwezo wa kukitambua na kukisafirisha. Mgonjwa mwenye uziwi wa ghafla pamoja na dalili nyingine yoyote ya neva apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT, na barua ya rufaa itaje saa ambayo dalili zilianza. Dawa ya kuyeyusha ganda la damu, inayopatikana katika hospitali chache nchini, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na pasipo saa iliyoandikwa haiwezi kutolewa. Kwa wa Geita, safari ya Bugando, Mwanza, ilikuwa ikikwamia kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la kilomita 3 linavuka ghuba hiyo kwa dakika chache. Kwa usafiri wenyewe, Shinyanga ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kutumia mfumo wa m-mama, ambamo madereva wa kawaida huitwa kubeba wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Mfumo huo haukuundwa kwa ajili ya kiharusi, lakini orodha ya madereva wa namna hiyo kijijini haimkatazi mtu kuwapigia kwa dharura nyingine na kuwalipa.

Mgonjwa asipewe aspirini kabla ya picha ya ubongo. Kiharusi cha kuvuja damu na kile cha kuziba mshipa havitofautishwi kwa macho, na aspirini humdhuru wa kwanza. Presha isishushwe kwa pupa: kidonge cha nifedipini chini ya ulimi, desturi ambayo bado haijafa, huweza kuunyima ubongo damu kidogo iliyobaki. Katika kiharusi cha kuziba mshipa, presha huachwa mpaka inapozidi 220/120, isipokuwa kama kuna sababu nyingine ya kuishusha. Asipewe chakula, maji wala vidonge mpaka ijulikane kwamba anameza bila kupaliwa.

Picha ya CT iliyo safi haifungi jalada. CT huona damu vizuri, lakini mifupa minene ya nyuma ya fuvu huifanya ikose kiharusi cha kuziba mshipa katika eneo hilo, hasa siku ya kwanza. Mgonjwa mwenye dalili zilizoelezwa hapo juu abaki chini ya uangalizi, na MRI ifanyike inapowezekana.

Yule ambaye uchunguzi umemwonyesha kuwa na uziwi pekee, bila dalili ya neva, hajasahaulika. Naye ni wa haraka kwa sababu nyingine: usikivu wake. Vidonge vya steroidi, kwa kawaida prednisoloni ya miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isiyozidi miligramu 60, hutolewa chini ya usimamizi wa daktari, na faida yake ni kubwa zaidi katika wiki mbili za mwanzo. Kabla ya hapo sukari ipimwe na kifua kikuu kitafutwe, maana dawa hiyo hupandisha sukari na huamsha kifua kikuu kilicholala. Huku akitibiwa sikio, presha yake, sukari na lehemu vishughulikiwe kama vya mtu aliyeponea chupuchupu, na aelezwe wazi dalili za kumrudisha hospitali usiku wa manane bila kusubiri: kizunguzungu, mdomo kwenda upande, kuona viwiliviwili, mwendo wa kuyumba, maneno kukwama.

Mchimbaji aliyepona kiharusi lakini sikio moja halikurudi hupoteza uwezo wa kujua sauti inatoka upande gani. Atasikia honi ya lori la mawe, ila hatajua lirudi nyuma kutoka kulia au kushoto. Atasikia mwamba ukipasuka shimoni, ila ataweza kukimbilia kulekule unakoanguka. Barua ya kumruhusu kurudi kazini ilitaje jambo hilo kwa maneno ya kawaida ambayo msimamizi wa shimo atayaelewa: asishuke peke yake, asifanye kazi njia ya magari, asikae karibu na karasha bila kizibo katika sikio lililosalia, na usikivu wa sikio hilo upimwe tena kila mwaka.